Mwalimu na Bastola

Katika nchi ya Marekani yako majimbo ambayo mwalimu aweza kuingia darasani asubuhi ameshika chaki mkononi, na chini ya koti lake amevaa bastola yenye risasi, wala hakuvunja sheria, kwa kuwa sheria yenyewe ndiyo iliyompa ruhusa. Texas ni mojawapo, na Florida, na Ohio, na tangu mwaka 2024 Tennessee pia. Habari hii imefika hata vijijini kwetu kwa redio na kwa simu za vijana, na wazazi kadha wa kadha wametuuliza: Je, mwalimu, si jambo jema? Mchungaji asiye na fimbo atalilindaje kundi? Swali hili si la kipuuzi, wala hatukuweza kulijibu kwa neno moja tukiwa njiani. Kwa hiyo twaliandika hapa, kwani lahusu kazi yetu wenyewe, na kila mwalimu alisomaye hana budi kujiuliza mkono wake umefundishwa nini.

Yafaa kwanza kujua asili ya jambo. Katika Katiba ya Marekani limo neno lililotiwa mwaka 1791, liwapalo raia haki ya kuwa na silaha. Kwa neno hilo, na kwa desturi ya nchi, silaha zimeongezeka hata zikawapita watu kwa idadi. Wataalamu waliofanya makadirio yaliyotolewa mwaka 2018 walisema kwamba bunduki na bastola zilizo mikononi mwa raia wa Marekani zapata milioni 393, na watu wenyewe siku zile walikuwa kiasi cha milioni 326. Sisi tukaao katika nchi ambayo mtu hana ruhusa ya kuwa na bunduki hata moja ila kwa kibali cha serikali, twaona taabu hata kuiwaza hesabu hiyo. Ni kama kijiji ambacho kila mtoto azaliwapo hukuta amekwisha kuwekewa bunduki yake nyuma ya mlango, na nyingine zimebaki.

Katika wingi huo ndimo yalimotoka mauaji ya shuleni. Hatutayataja yote, maana ni mengi, na kuyapanga mfululizo ni kuwachosha wasomaji kwa huzuni isiyo na faida. Lakini moja hatuwezi kuliacha. Tarehe 14 Desemba 2012, mjini Newtown katika jimbo la Connecticut, kijana wa miaka 20 aliingia shule ya watoto wadogo, akaua watoto 20 na watu wazima 6 wa shule ile. Watoto wale walikuwa wa miaka sita na saba. Bunduki aliyoitumia ilikuwa ya mama yake mzazi, naye aliinunua kwa halali. Mama huyo aliuawa nyumbani kwanza. Mwalimu mkuu alikuwa mkutanoni. Aliposikia milio alitoka, akamwendea muuaji mikono mitupu, akauawa hapo hapo. Juma moja baadaye kiongozi wa chama kikubwa cha wenye bunduki alisimama mbele ya waandishi wa habari, akataka kila shule ya nchi ile iwekewe mlinzi mwenye silaha.

Tukiisoma habari ya mwalimu mkuu yule twashikwa na fikira ambayo hatutaificha: laiti angalikuwa na kitu mkononi! Mtu asiyepatwa na fikira hii, twadhani hajapata kufundisha watoto wadogo. Wala hatupendi kuwadharau wale waitakao silaha shuleni, kana kwamba wote ni watu wa kiburi na vita. Wanazo hoja. Mwaka 1997, katika mji wa Pearl, jimbo la Mississippi, kijana alipokuwa akiwapiga wenzake risasi shuleni, mwalimu mkuu msaidizi alikimbia kwenye gari lake akatoa bastola yake, akamzuia kijana yule asiende mbali, akamshika hata polisi walipofika. Tena iko shule ndogo ya kijijini huko Texas, mahali paitwapo Harrold, ambayo tangu mwaka 2008 iliwaruhusu baadhi ya watumishi wake kuchukua bastola. Sababu yao ilikuwa nyepesi kuelewa: kituo cha polisi kiko mbali, na muuaji hangoji. Wasomaji wetu mkaao mwendo wa nusu siku kutoka kituo cha polisi mtaijua nguvu ya hoja hiyo kuliko mtu wa mjini.

Basi na tuipime. Bastola si kinga kama ngao, kwamba ukiivaa imekukinga. Ni chombo cha ufundi, na ufundi hupatikana kwa mazoezi. Je, mwalimu afundishwe kiasi gani? Huko Ohio wazazi walishtaki shule moja juu ya neno hili, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba mtumishi wa shule atakaye kuchukua silaha kazini sharti kwanza apate mafunzo ya polisi, yaani saa zaidi ya 700, au awe na miaka 20 ya kazi ya polisi. Walioitaka silaha hawakuridhika. Mwezi wa Juni 2022 sheria ikabadilishwa, na zile saa zaidi ya 700 zikashuka kuwa zisizopita 24, ingawa shule yaweza kudai zaidi ikipenda. Florida wametaka saa 144. Tennessee wametaka saa 40 kila mwaka.

Sisi hesabu hizi twazitazama kwa jicho la ualimu. Saa 24 ni kama siku nne za shule. Kwa siku nne hatujapata kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kuandika herufi moja isipande juu ya mstari. Na herufi ile haikimbii, wala haimfyatulii risasi.

Na mtu asidhani kwamba aliyejifunza kwa muda mrefu zaidi hupata shabaha kila alengapo. Polisi wa mji wa New York, ambao kazi yao ni hiyo, walichunguzwa na taasisi iitwayo RAND, na taarifa iliyotoka mwaka 2008 ikaonyesha ya kuwa kati ya 1998 na 2006, askari walipopigana na mtu anayewafyatulia risasi, walimpata kwa risasi 18 tu katika kila 100 walizopiga. Hata pale ambapo mtu yule hakuwafyatulia, zilizompata zilikuwa 30 katika 100. Zilizobaki zilikwenda wapi? Ukutani, barabarani, na pengine mwilini mwa mpita njia. Tarehe 24 Agosti 2012, karibu na lile jengo refu liitwalo Empire State, askari wawili walimkabili mtu aliyekuwa ametoka kuua mwenzake. Walipiga risasi 16 wakamwua. Na wapita njia tisa walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Hatusemi haya ili kuwalaumu askari. Aliyewahi kushtushwa na nyoka njiani ajua jinsi moyo upigavyo, na mikono itetemekavyo, na macho yaonavyo kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote. Katika uwanja wa shabaha karatasi husimama kimya. Darasani wamo watoto arobaini wakipiga kelele na kukimbilia pande zote, na wengine wamemshika mwalimu nguo.

Hapa tuseme habari ndogo ya shuleni kwetu. Mwaka mmoja nyani walilishambulia shamba la mahindi la shule, hata kamati ikamwomba mzee mmoja mwindaji, mwenye kibali na gobore lake, aje akae siku mbili kandoni mwa shamba. Alipofika tulimwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, mwalimu, watoto hawajambo?" kisha akaliegemeza gobore kwenye ukuta wa darasa la nne, akaomba maji ya kunywa. Tangu dakika ile hesabu za sehemu hazikusomwa tena. Vichwa vyote viligeukia dirishani. Mtoto mmoja aliomba ruhusa ya kwenda nje mara tatu, na kila mara alipita njia ndefu, ile ipitayo kandoni mwa ukuta. Wasichana wawili waliokaa karibu na dirisha walichukua vitabu vyao wakahamia upande wa pili bila kuambiwa na mtu. Babu aliyaona haya, akalichukua gobore lake akaenda nalo mbali shambani.

Jioni akatuambia, "Mwalimu, mimi baruti naiweka kwa mke wangu, marisau nayaweka mwenyewe, na gobore lalala juu darini. Nikilitaka, sharti kwanza tupatane sote wawili." Tulicheka pamoja, lakini tumeikumbuka kauli yake mara nyingi tukisoma sheria za nchi kubwa. Katika siku zile mbili alipiga mara moja tu, akamkosa nyani, na muda wa kulijaza tena ulikuwa mrefu hata nyani wote walikuwa wamekwisha vuka mto. Bunduki zitumiwazo na wauaji wa Marekani siku hizi si za namna hiyo. Kila kidole kinapovuta risasi hutoka, na kasha moja laweza kuchukua risasi 30.

Neno la babu latuleta kwenye jambo ambalo watunga sheria hupita juu yake upesi, nalo ni hili: bastola ya mwalimu itakaa wapi? Ikifungiwa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, haitakuwapo itakapohitajiwa. Hata yule wa Mississippi ilimbidi kukimbia hadi garini, na wanafunzi wawili walikuwa wamekwisha pigwa risasi za kuwaua. Ikivaliwa mwilini, basi iko darasani saa zote, kila siku ya mwaka, hata katika siku zote ambazo hakuna muuaji, nazo ndizo karibu zote. Mwaka 2014, huko Utah, mwalimu mmoja wa kike alikuwa chooni shuleni, bastola yake ikafyatuka yenyewe ikavunja choo, na vipande vikamjeruhi mguu. Mwaka 2018, huko California, mwalimu ambaye pia alikuwa askari wa akiba alikuwa akiwafundisha wanafunzi, kumbe, habari za usalama wa silaha! Bastola ikafyatuka ikapiga dari, na mwanafunzi mmoja akaumizwa. Huyo hakuwa mtu wa saa 24. Sisi walimu wa watoto wadogo huinama kuwafunga kamba za viatu, huingia kati yao wanapopigana, hubebwa mgongoni mwa shughuli zao tangu kengele ya asubuhi hata ya jioni. Mtoto humkumbatia mwalimu kiunoni bila kuomba ruhusa. Je, tuwafundishe kutosogea?

Wengine watasema, Vema, mwalimu na aachwe na chaki zake, lakini awepo askari. Hapo twakaribia kiini cha neno, na hapo pana mambo mazito ya kujifunza.

Mwaka 1999, tarehe 20 Aprili, wanafunzi wawili wa shule ya Columbine huko Colorado waliwaua wenzao 12 na mwalimu mmoja. Shule ile ilikuwa na askari wake mwenye silaha. Alipigana nao kwa risasi kutoka mbali, asiwapate. Askari wengine walipofika walifanya kama walivyofundishwa siku zile: waliizunguka shule, wakangoja kikosi maalum. Kikosi kikaingia polepole, chumba baada ya chumba. Mwalimu yule alikuwa amepigwa risasi akiwaonya wanafunzi wakimbie. Akalala darasani saa kadhaa akitokwa damu, na wanafunzi waliokuwa naye wakaandika ubaoni kwa herufi kubwa, wakauweka dirishani ili walio nje wasome kwamba humu ndani mtu mmoja anakufa kwa kutokwa damu. Alikufa kabla hajafikishwa hospitalini.

Kwa ajili ya siku ile mafundisho ya polisi yaligeuzwa nchi nzima. Askari sasa hufundishwa kwamba risasi zikilia shuleni asingoje. Aingie, hata akiwa peke yake, aende moja kwa moja kwenye mlio, apite hata majeruhi walalao njiani, hata amkomeshe muuaji. Chuo kikuu cha Texas State kina kituo kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa kazi hiyo, na maelfu ya askari wamepita hapo. Fundisho lenyewe ni jema, na hatuoni jingine lililo bora. Lakini kufundishwa neno ni kitu kimoja, na kulitenda ni kingine, kama sisi walimu tujuavyo kila mwaka siku ya mitihani.

Tarehe 14 Februari 2018, mjini Parkland, Florida, kijana aliua watu 17 katika shule aliyokuwa amesoma. Askari wa shule mwenye bastola alisimama nje ya jengo, hakuingia. Alishtakiwa, na mwaka 2023 baraza la mahakama likamwona hana hatia. Kisha ikaja Uvalde, mji mdogo wa Texas. Tarehe 24 Mei 2022 kijana wa miaka 18, aliyenunua bunduki mara tu alipotimiza umri huo, aliingia shule ya Robb akaua watoto 19 na walimu wao wawili. Askari wa kwanza walifika upesi, baada ya dakika chache tu, wakakaribia mlango, wakapigwa risasi, wakarudi nyuma. Tangu hapo wakangoja. Dakika zikapita 77. Askari waliofika mahali pale, wa mji na wa jimbo na wa mpaka wa nchi, wakatimia 376, wenye ngao na bunduki na kofia za chuma. Ndani ya chumba watoto waliokuwa hai bado walipiga simu kwa polisi wakiomba waje, na polisi walikuwa ng'ambo ya ukuta. Nje wazazi walizuiwa wasiingie. Na polisi wa shule za mji huo walikuwa wamefanya mafunzo ya neno hilo hilo mwezi wa Machi, miezi miwili tu kabla yake. Wizara ya Sheria ya Marekani, katika taarifa ya Januari 2024, ilisema kosa kubwa lilikuwa kumhesabu muuaji kama mtu aliyejifungia tu, badala ya mtu anayeendelea kuua.

Lakini haki yataka tuseme na habari ya Nashville. Tarehe 27 Machi 2023, katika shule ndogo ya kanisa mjini humo, watoto watatu na watu wazima watatu waliuawa. Askari wa kawaida wa doria walifika, wakapewa ufunguo, wakaingia mara moja, wakapanda ngazi kuelekea mlio, wakamwua muuaji. Na tangu simu ya kwanza hata mwisho ilikuwa chini ya robo saa. Silaha zao hazikuwa tofauti sana na zile za Uvalde, na mafundisho yao yalikuwa yale yale. Kilichotofautiana ni kwamba hawa walijua nani aongoza, wakasikilizana, wakaenda. Sisi twaona hapo ndipo fedha na saa za mafunzo zinapostahili kwenda, kwa watu waliochagua kazi hiyo, wenye kurudia zoezi lao hata mguu uende kabla ya hofu kuuliza. Ikiwa watu 376 wa kazi hiyo walisimama ujiani, ni haki gani kumdai mwalimu wa jiografia kwamba yeye asisimame?

Tena kuna hatari moja isiyoonekana mpaka imetokea. Askari akiingia kwa haraka, na mbele yake yupo mtu mwenye bunduki, atajuaje kama ni mwalimu au muuaji? Mwaka 2021, mjini Arvada, Colorado, mtu mwema alimpiga risasi muuaji aliyekuwa ameua askari, akamwangusha, akaichukua ile bunduki ya muuaji. Askari aliyetokea dakika ile alimwona ameishika, akampiga risasi, akafa. Alikuwa ameokoa watu, na kifo chake kilitoka kwa wale aliowasaidia.

Hata sasa hatujagusa shina. Mtoto wa Marekani haogopi bunduki ya shuleni tu. Tangu mwaka 2020 silaha za moto zimekuwa ndicho kisababishi cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 hata 19 katika nchi ile, kuliko hata magari. Na wengi mno kati yao hawafi shuleni. Hufa nyumbani, na mitaani, na wengine kwa mikono yao wenyewe, baada ya kukuta bastola ya baba ndani ya mtoto wa meza. Bastola ya mwalimu haifiki huko. Mwezi wa Novemba 2021, huko Oxford, jimbo la Michigan, kijana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wanne kwa bastola ambayo baba yake aliinunua siku nne tu nyuma. Mwaka 2024 baba na mama wote wawili walitiwa hatiani kwa vifo vile, wakahukumiwa kifungo cha miaka 10 hata 15 kila mmoja, na mwaka huo huo sheria ya Michigan ikaanza kuwalazimisha wenye silaha kuzifungia mbali na watoto. Babu yetu wa gobore hakuhitaji sheria hiyo, lakini si kila mtu ana mke wa kumwekea baruti.

Nchi nyingine zilishika njia ya kupunguza silaha zenyewe. Mwezi wa Machi 1996, katika mji wa Dunblane huko Scotland, mtu mwenye bastola za halali aliingia shule akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapiga marufuku bastola kwa raia. Hakuna aliyempa mwalimu wa Scotland silaha. Hata polisi wa Uingereza walio wengi hufanya kazi bila bunduki, na wenye kuruhusiwa kuichukua hawafiki mmoja katika kumi. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule wa 1996, Australia, mtu mmoja aliua watu 35 mahali paitwapo Port Arthur. Serikali ya John Howard na majimbo yake wakapatana kabla ya majuma mawili kwisha, wakakataza bunduki za kufyatua kwa haraka, wakazinunua kutoka kwa watu kiasi cha 650,000, wakaziharibu.

Mmarekani akisikia haya hujibu kwamba nchi yake si kisiwa, na Katiba yake si ya kufutwa kwa siku moja, na milioni 393 haziwezi kununuliwa. Jibu lake lina kweli ndani yake. Hata hivyo mwezi mmoja baada ya Uvalde Bunge lao, ambalo kwa muda wa karibu miaka 30 halikupatana juu ya neno lolote kubwa la silaha, lilipitisha sheria ya kuwachunguza zaidi wanunuzi wasiotimiza miaka 21. Ni hatua fupi. Twaitaja kwa sababu ilipigwa.

Na sisi wa Afrika Mashariki tusiseme kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali. Tarehe 2 Aprili 2015, kabla ya mapambazuko, watu wanne wa kundi la al-Shabaab waliingia chuo kikuu cha Garissa, Kenya, wakaua watu 148, karibu wote wanafunzi. Langoni walikuwapo walinzi wenye bunduki, waliuawa kwanza. Kikosi maalum cha polisi kutoka Nairobi kilifika alasiri, na kilipoingia kilimaliza kazi kwa muda mfupi, lakini siku ilikuwa imekwisha kuliwa. Miezi michache nyuma, Novemba 2014, watu 28 walishushwa kutoka basi karibu na Mandera wakauawa, na wengi wao walikuwa walimu waendao likizo. Walimu mamia walikataa kurudi upande ule wa kaskazini, na madarasa yakabaki na watoto bila mtu wa kuwafundisha. Adui wa namna hii si kijana mmoja mwenye chuki. Ni jeshi dogo, na bastola ya mwalimu mbele yake ni kama ufagio. Walichokitaka walimu wa kule ni askari njiani, na ua, na serikali ifikayo upesi inapoitwa.

Turudi Tennessee. Mwaka mmoja baada ya mauaji ya Nashville, mwezi wa Aprili 2024, bunge la jimbo lilijadili ruhusa ya walimu kuchukua bastola. Baadhi ya wazazi wa shule ile iliyopatwa na msiba walikuwa miongoni mwa waliopinga, wakaja bungeni wakaketi juu kwenye nafasi ya wasikilizaji. Sheria ikapita. Yataka kibali cha mwalimu mkuu, na cha mkuu wa shule za wilaya, na cha mkuu wa polisi wa mahali. Na shule za Nashville na za Memphis zilisema hazitaitumia. Lakini pale itumikapo, jina la mwalimu mwenye bastola ni siri. Mzazi amletaye mtoto asubuhi haambiwi, wala haambiwi mwalimu wa chumba cha pili.